Kokteli za Campari Nairobi: vipimo, barafu na kuuweka uchungu mahali pake

Campari, kileo chekundu kichungu cha Italia, ikinywewa kavu humkunja uso karibu kila anayeionja mara ya kwanza, na chupa nyingi huishia hapo, zikakaa kabatini hadi Krismasi nyingine. Haikutengenezwa inywewe hivyo. Uchungu wake unataka baridi kali, maji ya kiasi, kitu kitamu au kichachu pembeni, na mkono unaopima badala ya kubahatisha. Vikipatikana hivyo, ni kinywaji kizuri mno cha kabla ya chakula, hasa chakula chenyewe kikiwa nyama choma yenye mafuta.

Maelezo haya yanamfaa anayechanganya nyumbani au kwenye baa ndogo hapa Nairobi, kwa vitu vya supamaketi, duka la pombe la mtaani na muuza matunda wa mkokoteni.

Chupa yenyewe

Gaspare Campari alianza kuitengeneza mwaka 1860 huko Novara, kaskazini mwa Italia. Mimea na matunda hulowekwa kwenye pombe na maji, kisha hutiwa sukari na rangi nyekundu. Orodha kamili ni siri ya watengenezaji. Chupa nyingi zina alkoholi asilimia 25, ingawa kiwango hubadilika kulingana na nchi inakouzwa, kuanzia 20.5 hadi 28.5. Soma lebo ya chupa yako, kwa sababu hesabu zote za hapa chini zimefanywa kwa 25.

Kuna jambo ambalo ulimi hulikosa kwa kuwa uchungu unatangulia: Campari ina sukari nyingi. Ndiyo maana kuongeza shira ili kuupunguza uchungu hakusaidii. Uchungu hubaki, na juu yake unapata utamu unaonata mdomoni. Kinachofanya kazi ni maji, ambayo huusambaza uchungu. Chumvi kidogo sana, ambayo huukata. Na uchachu wa ndimu, ambao huupa utamu uliomo mwenzake wa kuvutana naye. Baridi nayo huondoa ule mnato na moto wa pombe kooni.

Usichanganye Campari na ndugu zake. Aperol, iliyoanza Padua mwaka 1919, ina alkoholi asilimia 11 tu na uchungu mpole. Ukiiweka mahali pa Campari kwa kipimo kile kile, kokteli hupooza. Cynar, inayotokana na atichoki pamoja na mimea mingine, ina asilimia 16.5 na ladha ya udongo na majani makavu. Inaweza kuchukua nafasi ya Campari ukitaka kinywaji kizito na cheusi zaidi. Fernet-Branca ya Milano ni mwingine kabisa: asilimia 39, harufu ya mnanaa na dawa za miti shamba. Hiyo hupimwa kwa kijiko cha chai.

Unaponunua, tazama stempu ya ushuru ya KRA kwenye kifuniko na uisome kwa programu ya Soma Label kwenye simu kabla hujalipa. Kifuniko kikizunguka bila kukatika, au bei ikiwa chini sana kuliko maduka mengine, irudishe. Mzinga wa ml 750 unatoa vipimo 25 vya ml 30. Campari ikishafunguliwa haihitaji friji. Ifunge vizuri, iweke mbali na jua, itadumu miezi mingi bila tatizo.

Vermuti, ambayo ndiyo huharibu kazi mara nyingi

Vermuti ni divai iliyoongezwa pombe kali na mimea. Ile nyekundu tamu, kwa mfano Martini Rosso au Cinzano Rosso, ndiyo inayohitajika hapa. Alkoholi yake ni asilimia 15 hivi, na kiwango hicho hakitoshi kuilinda ikishafunguliwa. Inaharibika jinsi divai inavyoharibika, ila polepole. Chupa iliyokaa wazi kwenye rafu miezi sita hunuka zabibu kavu zilizolala na siki kwa mbali, na Negroni (kokteli ya jini, Campari na vermuti) itakayotoka humo itakuwa na uchachu usioeleweka ambao mnywaji ataulaumia Campari.

Kwa hiyo: ikifunguliwa, iingie friji siku hiyo hiyo, na itumike ndani ya mwezi mmoja au mmoja na nusu. Ikifika nusu, imimine kwenye chupa ndogo safi mpaka shingoni. Hewa ikipungua juu yake, inadumu zaidi. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu ya wino usiofutika ubavuni mwa chupa. Na ukiikosa dukani, usidhani divai nyekundu tamu ya kawaida itaziba pengo. Haina mimea, na kinywaji hutoka kama juisi iliyochacha. Heri utengeneze kokteli isiyohitaji vermuti. Ziko nyingi hapa chini.

Vipimo

Baa zingine zina jiga (kikombe kidogo cha kupimia pombe) ya ml 25 na 50, zingine ya 30 na 60. Jua yako ni ipi kabla hujaanza, na usizichanganye katika kinywaji kimoja. Kama huna jiga, kikombe kidogo kinachokuja na dawa ya kikohozi kina alama za ml na kinafaa kabisa kikioshwa. Sirinji ya ml 10 kutoka duka la dawa, bila sindano, ni bora zaidi kwa ndimu na shira. Kijiko cha chai ni ml 5, cha mezani ml 15, vikipimwa bila kurundika.

Kwa nini tunasisitiza? Katika Negroni ya 30, 30, 30, Campari ni theluthi moja. Mkono ukiteleza ukaongeza ml 10 tu, inafikia asilimia 40 ya mchanganyiko. Bia haijali mkono uliotetemeka, lakini hapa mnywaji atahisi tofauti hiyo tangu funda la kwanza.

Barafu

Barafu ni kiungo kama jini au ndimu, na ndicho kinachopuuzwa zaidi. Takriban robo ya Negroni iliyokamilika ni maji yaliyoyeyuka kutoka kwake, kwa hiyo ladha ya maji hayo unainywa.

Anza na maji. Kama maji ya mfereji yana harufu ya klorini, yachemshe, yaache yapoe bila kifuniko, kisha ndiyo uyagandishe. Au tumia maji ya chupa. Halafu fikiria friza ina nini. Barafu hufyonza harufu, na friza yenye samaki, omena au nyama iliyofungwa kwa karatasi nyepesi itakupa Campari yenye harufu ya ziwa. Weka trei ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na barafu ikishaganda ihamishie kwenye chombo chenye kifuniko. Stima ikipotea usiku na barafu ikayeyuka nusu kisha ikaganda tena, imwage: imeshikamana, ina nyufa, na itayeyuka haraka kuliko unavyotaka.

Vipande vidogo vya trei ya kawaida vinatosha kwa kukorogea na kutikisia. Kwa glasi ya mwisho unataka pande kubwa, lenye upana wa sentimita 5 hivi, kwa sababu kipande kikubwa kina uso mdogo ukilinganisha na ukubwa wake, hivyo hutoa maji polepole. Ukitaka liwe angavu, chukua kijisanduku kidogo cha kupozea vinywaji, kile cha pikniki, kinachoingia kwenye friza yako. Kijaze maji, kiache bila kifuniko. Kuta zake huzuia baridi pembeni, kwa hiyo maji huganda kutoka juu kwenda chini na kusukuma hewa na uchafu upande wa chini. Kitoe baada ya saa 18 hadi 24, kabla sehemu ya chini haijaganda, kipindue, mwaga maji yaliyobaki na uparue ukungu mweupe ulioshika chini.

Kukata: acha lile bonge mezani dakika kumi. Likitoka tu friza ni jeupe kwa umande na ukiligusa kwa kisu linapasuka ovyo. Subiri mpaka uso wake ung'ae na uone upande wa pili. Hapo chora mstari kwa kisu cha mkate chenye meno, kina cha milimita chache, kisha gonga mgongo wa kisu polepole kwa mchi wa mbao. Litagawanyika kwa mstari huo.

Barafu ya mfuko inayouzwa supamaketi na vituo vya petroli inafaa kwa kutikisia. Ikifika nyumbani ikiwa imelowa, irudishe friza saa moja kabla ya kuitumia. Barafu iliyolowa huingiza maji kwenye kinywaji kabla hata haijaanza kukipoza.

Negroni

Inavyosimuliwa, ilianza Florence mnamo 1919, pale mwungwana Camillo Negroni alipotaka Americano yake, yaani kokteli ya Campari, vermuti na soda, itiwe jini badala ya soda ili iwe kali zaidi. Vipimo vya kawaida ni hivi: jini ml 30, Campari ml 30, vermuti nyekundu ml 30.

Jini iwe kavu, yenye harufu ya mreteni mbele, na alkoholi ya asilimia 40 kwenda juu. Jini za waridi na zilizotiwa ladha za matunda hazifai. Sukari yake inaongezea pale ambapo tayari imezidi. Procera ya hapa Nairobi, inayotumia tunda la mreteni wa Afrika, ni jini nzuri sana, lakini maoni yetu ni kwamba theluthi ya Campari itaifunika. Inywe na toniki, na Negroni uitengeneze kwa jini ya bei ya kati. Kama uliyo nayo iko chini ya asilimia 40, ongeza hadi ml 40 ili isizame.

Weka glasi fupi ya kitako kizito kwenye friza dakika 15. Wakati huo, osha chungwa kwa maji ya uvuguvugu na ulikaushe, hasa lile la kigeni linalong'aa, kwani limepakwa nta. Kwa kisu kikali au kimenyeo cha viazi, toa ganda la urefu wa sentimita 6 na upana wa 2. Ukiona weupe mwingi ndani, parua. Ule weupe ni mchungu, na uchungu tunao wa kutosha. Machungwa ya Makueni yenye ganda la kijani yana mafuta mazuri, usiyadharau kwa rangi. Yawe tu hayajanyauka, kwa sababu ganda lililolegea halitoi chochote.

Mimina vermuti, Campari na jini kwenye glasi kubwa au jagi dogo. Ukitazama kwa pembeni utaona Campari imetulia chini, nyekundu nzito, na jini ikielea juu karibu bila rangi, kwa sababu sukari huongeza uzito. Jaza barafu mpaka theluthi mbili. Ingiza kijiko kirefu mpaka chini, mgongo wake ukigusa ukuta wa glasi, na ukizungushe kwa utulivu sekunde 30. Barafu yote izunguke pamoja. Ikigongana na kelele, unaivunja na kupata maji mengi kuliko baridi. Ile mistari ya mawimbi iliyokuwa kwenye kinywaji itapotea na nje ya glasi itatokwa jasho.

Chuja kwenye glasi iliyopoa, juu ya pande moja la barafu mpya. Shika ganda kwa vidole viwili kila upande, uso wenye rangi ukielekea kinywaji, na ulikunje mara moja kwa nguvu. Kwenye mwanga utaona ukungu mwembamba wa mafuta ukitua juu. Pitisha ganda kwenye ukingo, lidumbukize. Usiruke hatua hii: harufu ya chungwa ndiyo inayoupa uchungu sababu ya kuwapo.

Jua pia unachompa mgeni. Glasi hii ndogo ina takriban ml 24 za alkoholi tupu. Tusker ya ml 500, yenye asilimia 4.2, ina ml 21. Negroni mbili basi zimepita Tusker mbili, na hunyweka upesi zaidi. Anayeendesha gari apewe soda, na anayerudi nyumbani aitiwe teksi. Chini ya miaka 18 haiuzwi wala haitolewi.

Ikikosewa

Uchungu unakaba koo: mara nyingi haikukorogwa vya kutosha, basi iache dakika mbili kwenye barafu na uonje tena kabla ya kuongeza chochote. Ikibaki hivyo, tumia chumvi. Yeyusha gramu 20 za chumvi kwenye ml 80 za maji moto, ipoe, uitie kwenye kichupa chenye kitonyezi. Matone mawili, matatu kwa glasi moja yanatosha. Hutakiwi kuhisi chumvi. Utahisi tu uchungu umerudi nyuma na chungwa limesogea mbele.

Inanata na ni tamu: vermuti imezidi, au jini ni dhaifu. Ongeza ml 10 za jini na ukunje ganda la limau badala ya chungwa.

Ina maji: barafu ilikuwa imelowa, au uliitikisa. Negroni haitikiswi, wala kokteli nyingine yoyote isiyo na juisi. Kutikisa huingiza hewa na vipande vya barafu, na rangi ile nyekundu iliyotulia hugeuka kuwa na ukungu.

Ina uchachu wa siki: rudi kwenye chupa ya vermuti, inuse, na uwe na moyo wa kuimwaga.

Zilizo karibu na Negroni

Americano hutoa jini na kuweka soda: Campari 30, vermuti 30, barafu, soda ml 60 hadi 90, ganda la chungwa. Ndiyo tunayompa mtu anayeanza, kwa sababu maji ya soda yanaufungua uchungu bila kuuficha. Boulevardier ni wiski ya bourbon ml 45, Campari 30, vermuti 30, ikikorogwa kama Negroni; inafaa jioni za Julai Nairobi inapokuwa na kijibaridi. Sbagliato, inayohusishwa na Bar Basso ya Milano, huweka prosecco, divai nyeupe ya Italia yenye mapovu, mahali pa jini: Campari 30 na vermuti 30 juu ya barafu, prosecco 60 mwishoni, mguso mmoja wa kijiko.

Zenye mapovu

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ina mgandamizo mdogo kuliko Mombasa. Soda ikifunguliwa hufoka zaidi na gesi yake hutoroka mapema. Dawa yake ni baridi, kwa sababu maji baridi hushika gesi kuliko maji moto. Soda, toniki na prosecco zilale friji usiku kucha, zifunguliwe wakati wa kumimina tu, na chupa kubwa ya soda iliyofunguliwa jana isiguse Campari.

Campari na soda: ml 45 kwa ml 90 hadi 120. Glasi ndefu, barafu mpaka juu, Campari kwanza, soda ikiteremka polepole kwenye ukuta wa glasi. Ingiza kijiko mpaka chini, kiinue mara moja, basi. Kukoroga zaidi ni kufukuza gesi uliyoilipia.

Spritz ya Campari ni prosecco 90, Campari 60, soda 30, kwenye glasi kubwa ya divai iliyojaa barafu. Kwa wengi 60 ni nyingi. 45 inakaa vizuri zaidi. Anza na prosecco, kisha Campari, ambayo itazama yenyewe na kuchanganyika njiani.

Toniki ina kwinini, kwa hiyo unaweka uchungu juu ya uchungu. Wapo wanaoupenda, lakini weka ml 30 tu za Campari na kamua robo ya ndimu.

Inayopendeza zaidi kwa mazoea ya ulimi wa hapa ni ile ya Stoney Tangawizi: Campari ml 40, ndimu iliyokamuliwa ml 15, Stoney baridi ml 120. Utamu wa soda umeshatosha, usiongeze shira. Ndimu ndiyo inayozuia isigeuke peremende, na mwasho wa tangawizi hukaa kooni pale pale uchungu unapomalizikia. Iandae na njugu zenye chumvi au bhajia za viazi.

Zenye juisi

Garibaldi ni Campari ml 45 na juisi ya chungwa ml 120, lakini juisi ya boksi haitoi kinywaji hiki. Siri iko kwenye povu. Kamua machungwa matatu, chuja mbegu, weka juisi kwenye blenda sekunde 20 kwa kasi ya juu mpaka ijae hewa na kupauka. Weka Campari na vipande viwili vya barafu kwenye glasi ndefu, mimina juisi kidogo, koroga, kisha malizia na iliyobaki ikiwa bado na povu. Machungwa yetu mengi ni matamu na hayana uchachu mkali, kwa hiyo tia kijiko cha chai cha ndimu kwenye juisi kabla ya kuisaga. Usiposahau hilo, utashangaa vitu viwili tu vinavyoweza kufanya.

Jungle Bird ilitoka hoteli ya Hilton, Kuala Lumpur, miaka ya 1970, na ni kama ilitengenezewa nanasi za Thika. Rumu nyeusi ml 45, Campari 20, juisi ya nanasi 45, ndimu 15, shira 10 hadi 15. Nanasi liwe limeiva: linanukia kwenye kitako na jani la katikati linachomoka kwa kuvutwa kidogo. Lisage bila maji, lichuje kwa kitambaa cha kuchujia tui, litumike siku hiyo. Onja juisi kabla ya kupima shira. Nanasi tamu sana linataka 10, lenye ukali 15. Weka vyote kwenye sheka (chombo chenye kifuniko cha kutikisia) na barafu tele, tikisa kwa nguvu sekunde 12, chuja kwenye glasi yenye barafu mpya. Nanasi mbichi hutoa povu nene la rangi ya waridi juu. Lisipotokea, juisi ilikaa sana au hukutikisa kwa nguvu.

Dawa yenye Campari

Dawa ndiyo kokteli ya Nairobi, iliyopata jina kwenye mkahawa wa Carnivore: vodka, ndimu, asali, barafu na kijiti cha kukorogea. Asali na uchungu vinaelewana vizuri, na toleo hili linastahili kuwa kwenye menyu za jiji.

Tengeneza shira ya asali kwanza, kwani asali tupu ikiguswa na barafu huganda chini ya glasi. Pima asali mbili kwa maji moto moja, koroga mpaka iwe laini, ipoe. Asali iliyoganda punje ilaze na chupa yake kwenye maji ya uvuguvugu. Ukiichemsha harufu inakwenda. Asali ya Kitui au Baringo, yenye harufu ya miti, husimama mbele ya Campari.

Kata ndimu moja vipande vinane, toa mbegu na ule uzi mweupe wa katikati. Viweke kwenye glasi fupi na shira ya asali ml 20. Bonyeza kwa mchi mara tano au sita, kwa kusukuma na kuzungusha kidogo, usitwange. Ganda likisagika hutoa uchungu wake mkavu, na ukijumlishwa na wa Campari kinywaji hakinyweki. Mimina vodka ml 30 na Campari ml 20. Funga barafu kwenye kitambaa safi, ipondeponde kwa mchi, jaza glasi, koroga kutoka chini kwenda juu mara nne. Chovya kijiti kwenye asali tupu na ukisimamishe katikati. Kadiri mnywaji anavyokizungusha ndivyo anavyoongeza utamu mwenyewe. Onyo moja la vitendo: mwagiko wa Campari kwenye kitambaa cheupe usiachwe ukauke. Suuza kwa maji baridi mara moja.

Kwa wageni kumi

Usikoroge Negroni kumi moja moja huku watu wakisubiri nyama. Changanya mapema: jini ml 300, Campari ml 300, vermuti ml 300, na maji safi ya kunywa ml 200. Yale maji huchukua nafasi ya barafu ambayo ingeyeyuka wakati wa kukoroga; watu huogopa kuyaweka, kisha wanashangaa kinywaji kimekuwa kikali. Jumla ni ml 1,100, alkoholi karibu asilimia 22. Gawa kwenye chupa mbili zilizooshwa kwa maji moto, funga, weka friji angalau saa sita. Friza isitumike usiku kucha, kwa kuwa kwa kiwango hicho cha alkoholi mchanganyiko unaweza kuanza kuganda na kuwa rojo la barafu.

Wakati wa kugawa, tikisa chupa kidogo ili sukari isikae chini, pima ml 110 kwa kila glasi juu ya pande kubwa la barafu, na ukunje ganda la chungwa mbele ya mgeni. Maganda yanaweza kukatwa saa moja kabla, yakifunikwa kwa kitambaa kilicholowa maji kidogo. Kinachobaki kitadumu friji wiki mbili. Chochote chenye juisi hakingoji hivyo: pima pombe na shira mapema kama unataka, lakini ndimu na nanasi vikamuliwe siku ile ile.